Madamu asiyejua Kiswahili

Swali lenu la wiki hii, "Mtoto aanze kufundishwa kwa lugha ya kigeni akiwa darasa la ngapi?", nimelisoma nikiwa nakaanga maandazi na nikaunguza mawili. Kila likiulizwa, watu hujibu kwa namba. Awali. La kwanza. La tatu. Asiguswe mpaka sekondari. Mimi namba sina. Nilicho nacho ni mwaka mmoja na robo wa kusimama mbele ya watoto 26 hapa Dodoma, mwanzoni nikijifanya sijui Kiswahili, na niseme mapema kwamba mambo hayo siyaungi mkono.

Nieleze ilivyokuwa. Nilimaliza Chuo Kikuu cha Dodoma nikiwa na Kifaransa na Kiswahili kama masomo yangu ya kufundishia, nikarudi nyumbani Chang'ombe kusubiri ajira, kama walivyosubiri wenzangu wote wa mwaka ule. Ikafika Januari 2019. Mji ulikuwa umepandishwa kuwa jiji Aprili ya mwaka uliotangulia, wizara zinahamia, kodi ya chumba inapanda ukilala ukiamka, na shule binafsi zinaota kama mchicha baada ya mvua. Mwenye shule mmoja (simtaji, na shule siitaji) alikuwa ameishi Bujumbura kwa biashara. Aliona ingilishi midiamu zimejaa kila mtaa, akatafuta kitu ambacho jirani hana. Akatangaza darasa la kwanza ambalo kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa sita mchana ni Kifaransa kitupu: kuhesabu, kuchora, michezo, nyimbo, hata kunywa uji. Mchana ndiyo KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) na Kiingereza, kwa mwalimu mwingine. Wazazi walikuja. Walikuwepo watumishi waliohamia kutoka Dar, familia tatu za wafanyabiashara wa Kirundi, na wenyeji waliotaka tu mtoto wao apate kitu ambacho Kayumba, yaani shule za msingi za serikali, hawatoi.

Mimi nilikuwa mwalimu mpya kabisa, wa kununua kalamu nyekundu na kuificha ili mtu asiiombe. Kanuni niliyopewa ilikuwa moja: hujui Kiswahili. Mtoto akikusemesha kwa Kiswahili, hujasikia. Mwenye shule alikuwa na karatasi alizozichapisha kuhusu Kanada, zimekunjika pembe kwa kushikwashikwa. Huko, kwenye mji wa Saint-Lambert karibu na Montréal, mwaka 1965, wazazi wanaozungumza Kiingereza walifungua darasa la watoto wao wadogo likafundishwa kwa Kifaransa tangu siku ya kwanza. Wallace Lambert, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha McGill, pamoja na watafiti wenzake, akawafuatilia wale watoto. Walijua Kifaransa kuliko watoto waliokisoma kama somo, na Kiingereza chao hakikudhurika. "Unaona?" mwenye shule aliniambia. "Ni kuzamisha. Mtoto anazamishwa kwenye lugha, anaibuka nayo." Sikujua kama wapo wasioibuka, na sikuuliza. Nilihitaji mshahara.

Siku ya kwanza walisimama wote 26, sare mpya, viatu vinavyong'aa kabla vumbi letu halijavizoea, wakaimba: "Shikamoo madamu!" Sasa mtu aliyelelewa na bibi wa Kigogo kule Mvumi, umwambie asiitikie shikamoo. Ulimi wenyewe ulikuwa umeshafika kwenye "mara" nikaumeza. Nikasema, "Bonjour, les enfants." Kimya. Mtoto mmoja wa mbele akarudia shikamoo kwa sauti kubwa zaidi, akidhani nina matatizo ya masikio.

Neno "madamu" nililipata bure, kwa kuwa mwalimu wa kike hapa kwetu ni madamu tangu zamani. Mengine tuliyatafuta kwa jasho. "Table", meza, ilikuwa tabulu; "livre", kitabu, ilikuwa livuru, kwa sababu mtoto wa Kibantu haachi neno liishie hewani bila irabu. Cha ajabu, "le" na "la", zinazotenga maneno ya kiume na ya kike, hazikuwasumbua kama zilivyonisumbua mimi chuoni. Aliyekua na ngeli za m-wa na ki-vi hashangai kuambiwa kwamba meza ina ukoo wake. Kilichowashinda ni sabini. Kiswahili kina neno lake moja, sabini, limekaa. Kifaransa cha Ufaransa kinakwambia sitini-na-kumi, na ukifika themanini ni ishirini-mara-nne. Baba mmoja wa Kirundi akanifuata getini kulalamika: kwao ni "septante", ndivyo Wabelgiji walivyowaachia, kwa nini mwanawe anarudi nyumbani na hesabu za Paris? Nikamjibu kwa Kifaransa kwamba nitalifikiria. Kwa Kiswahili ningemjibu vingine.

Basi kuna mtoto mmoja. Darasa zima lilimwita Fundi na mimi nitamwita hivyo. Baba yake alikuwa fundi mwashi aliyejenga vyumba viwili vya shule ile, na sehemu ya ujira wake ikageuzwa ada ya mtoto. Kwa hiyo aliketi katikati ya watoto waliokuja kwa magari akiwa amekuja kwa miguu kutoka Nkuhungu, na juu ya hayo alikuwa ndiye pekee anayejua tofali linakaaje juu ya tofali.

Ilikuwa baada ya Pasaka. Somo langu lilikuwa rangi na nyumba kwa pamoja, "ma maison". Niligawa karatasi na krayoni, boksi moja kwa watoto wanne. Mnajua watoto wakichora nyumba: boksi, pembetatu juu, mlango katikati, jua pembeni lina miguu. Hata watoto wa Dodoma, ambako mababu walijenga tembe zenye mapaa bapa, wote wanachora pembetatu. Fundi hakuchora pembetatu. Alichora paa la bati la mgongo mmoja, mistari ya mawimbi yake mmoja mmoja, kisha akaanza matofali kuanzia chini, safu kwa safu, akipishanisha viungo kama inavyotakiwa. Nilipita mara ya kwanza akiwa safu ya tatu. Nikapita mara ya pili akiwa ameshafika kwenye linta. Wenzake walikuwa wameshamaliza na wanachokozana.

Mwenye shule akatokea dirishani na wageni wanne, wazazi waliokuwa wanafikiria kuleta watoto muhula unaofuata. Alipenda kuwaleta saa ile. Niliwasikia wakisimama, nikasikia harufu ya manukato, nikapandisha sauti kidogo kama mtu anayejua anatazamwa.

Fundi akamwomba jirani yake krayoni nyekundu. Akaishika kwa ngumi, siyo kwa vidole, akapiga mstari kutoka pembe ya juu ya ukuta mpaka chini mlangoni, halafu mwingine kukatiza. Akarudia. Akarudia tena mpaka karatasi ikatoboka pale mistari inapokutana, na krayoni ikakatika. Jirani yake akaanza kulia kwa sababu ya krayoni.

Mkazi wa Dodoma simwelezi X ni nini. Kwa msomaji wa mbali: ni alama inayopakwa ukutani kwa rangi nyekundu kumwambia mwenye nyumba kwamba nyumba hii itavunjwa, ipo kwenye barabara au kwenye ramani ya mtu mwingine. Miaka ile ya mji kutanuka tuliziona kila uendako. Watu walikuwa wakiamka asubuhi wanatazama ukuta kwanza.

Nikainama pale mezani. "Qu'est-ce que c'est?" Hiki ni nini?

"Ni X."

"En français." Kwa Kifaransa.

"Ni X, madamu. Wamekuja jana na kopo la rangi. Baba amesema tusiifute, tukifuta watatukamata."

Nilielewa kila neno. Nilijua kopo lenyewe linavyokuwa, na brashi pana iliyokauka ncha. Shangazi yangu alikuwa ameshapigwa X mwaka ule ule. Nilichotakiwa kufanya ni kuchuchumaa na kusema neno moja la silabi mbili, pole. Wale wanne walikuwa dirishani. Mwenye shule alikuwa dirishani. Mshahara wangu wa pili ulikuwa bado haujatoka.

Nikaweka kidole juu ya ule mstari. "C'est de quelle couleur?" Ni rangi gani?

Akanitazama. Watoto wa miaka saba wana namna yao ya kukutazama wakiwa bado wanaamini kwamba kosa ni lao, kwamba hawajalisema vizuri. Akajaribu tena, taratibu, kama tunavyosema na Mzungu: "Nyum-ba. I-na-vu-njwa."

"La couleur?"

"Rouge," akasema.

"Rouge! Très bien! Rouge! On applaudit!" Na darasa zima likapiga makofi, kwa sababu nilikuwa nimewafundisha makofi wiki ya kwanza. Dirishani nao wakapiga. Nikasikia mama mmoja akisema, "Kumbe wanaelewa." Mchana mwenye shule akaagiza picha ile ibandikwe ukutani karibu na mlango, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na rangi kali kuliko zote. Ikakaa pale muhula mzima. Nimeifundishia "rouge" mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Ninajua nimekaa sana kwenye picha hiyo na swali lenu halijaguswa. Nivumilieni, kuna kipande kimebaki.

Wiki kama tatu baadaye, Jumamosi, nilikuwa Soko la Majengo nabishana na muuza dagaa. Nilikuwa nimepamba moto, mkono kiunoni, "Hiki kisado kina mchanga nusu, usinifanye mgeni!" Nyuma yangu sauti ndogo ikapasuka: "Mama! Madamu anajua Kiswahili!" Alikuwa msichana wa darasani kwangu, macho yamemtoka kana kwamba amemwona mbuzi akisoma gazeti. Na mimi, Mungu anisamehe, nikageuka nikamwambia "Bonjour." Muuza dagaa alinipunguzia bei kwa mshangao tu.

Jumatatu habari ilifika kabla yangu. Waliniangukia kama mvua ya Desemba: fulani kanipiga, penseli yangu imeibiwa, mama kajifungua, madamu unakaa wapi, madamu una mume. Miezi minne ya maneno yaliyokuwa yamebanwa. Fundi hakuja na wenzake. Alisubiri mpaka saa ya uji, akaja na kikombe chake, akasimama ubavuni pangu.

"Kwa hiyo siku ile ulisikia."

Nikamwambia nilisikia.

"Sasa mbona ulipiga makofi?"

Sikumjibu lolote la maana. Nilimwambia pole, akaitikia "asante" kwa adabu, akaenda kuosha kikombe.

Baada ya hapo ndipo nilipoziomba zile karatasi za Kanada nizisome mwenyewe, pamoja na nyingine nilizopata mtandaoni kwenye simu. Wale walimu wa madarasa ya kwanza kule walijua Kiingereza, na watoto waliachwa waseme Kiingereza mwanzoni, wao kwa wao na hata kwa mwalimu. Mwalimu alisikia na kuelewa, ila jibu lake lilikuja kwa Kifaransa. Ukurasa huo haukuwa umekunjwa pembe. Mwenye shule alikuwa ameagiza mlo na kuacha chumvi.

Na jambo lingine, la kisiasa kidogo. Watoto wa Saint-Lambert walitoka kwenye lugha yenye nguvu. Kiingereza ndicho kilichoshika biashara Montréal wakati ule, hakuna aliyeogopa kwamba kitawatoka. Mtoto wa Kigogo anafika shuleni na Kigogo cha bibi na Kiswahili cha barabarani, vyote viwili vimeshaambiwa kwa namna moja au nyingine kwamba havimfikishi mbali. Tena kwa mtoto wa vijiji vya ndani vya Chamwino au Bahi, lugha ya darasa la kwanza ni ngeni tayari, nayo ni hiki Kiswahili tunachokiandikia hapa. Kimekuwa lugha ya kufundishia shule za msingi tangu miaka ya 1960, mimi mwenyewe kimenilea na kinanilisha, lakini sijaona swali la wiki kuhusu huyo mtoto.

Hapo nikamkumbuka mwalimu wangu wa darasa la kwanza kule Mvumi. Alikuwa Mgogo mwenzetu. Yeye na mama zetu walisalimiana getini, "Mbukwenyi", wakacheka kwa Kigogo. Akiingia darasani ni Kiswahili tu, hakuwahi kutujibu kwa Kigogo hata siku moja. Lakini ukimwambia kwa Kigogo kwamba tumbo linauma, alikwambia kwa Kiswahili, "Nenda nje, urudi." Tukajifunza "nenda nje" kabla ya a-e-i-o-u. Hakuwa amesoma habari za Kanada.

Nilimfuata mwenye shule na ombi hilo: nisikie kwa Kiswahili, nijibu kwa Kifaransa. Akakataa. Kilichomlainisha si mimi wala McGill, ni bibi wa mtoto mmoja aliyekuja na fimbo yake kulalamika kwamba mjukuu hampi tena shikamoo, anampa "bonjour" kama anayemsalimia konda. Kuanzia muhula wa pili shikamoo ikarudi mstarini na masikio yangu yakafunguliwa rasmi.

Na hapa ndipo ninapopata tabu na msimamo wangu, maana ikabidi niseme kilichofuata. Kufikia Novemba wale watoto walikuwa wanazungumza. Siyo kuimba nyimbo za wageni dirishani, kuzungumza. Nilikuwa nimekaa ofisini nasahihisha, nikasikia ugomvi wa bembea: "C'est mon tour!" "Non, c'est à moi!" na kwa makosa yao wenyewe, na hakuna mtu mzima karibu wa kumfurahisha. Mmoja wao alikuwa Fundi. Watoto wa Kirundi nao, waliokuja na Kiswahili cha kuokoteza, walikuwa wanatukanana kwa Kiswahili cha Dodoma safi. Sikuona mtoto aliyepoteza kitu, isipokuwa kusoma kwa Kiswahili kulichelewa kidogo kwa wale wanyonge, na mwenzangu wa mchana aliniambia hivyo bila kunionea haya.

Tena, ili nisijipendelee: Merrill Swain, Mkanada mwingine aliyewachunguza watoto wa aina hii, aliandika mwaka 1985 kwamba walielewa Kifaransa vizuri sana lakini waliendelea kukosea kukisema, na sababu mojawapo ni kwamba hawakusukumwa vya kutosha wakiseme. Kwa hiyo yule "En français" niliyemtupia Fundi hakuwa shetani mtupu. Mtoto hujifunza kwa kubanwa kidogo. Nilichokosea ni saa.

Darasa lile lilikufa Machi 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya korona. Zilipofunguliwa Juni, mwenye shule alikuwa amerudi kwenye ingilishi midiamu ya kawaida na mimi nikarudi kusubiri ajira. Nyumba ya akina Fundi ilivunjwa, wakahamia Nzuguni. Baba yake alijenga nyingine, sikuiona. Leo nipo shule ya serikali, nafundisha Kiswahili, na tangu Januari 2024 mtaala mpya umeanza kuingia: Kiingereza ni somo kuanzia darasa la kwanza, na kuanzia la tatu shule inaweza kuchagua Kifaransa, Kiarabu au Kichina. Ni somo, siyo kuzamisha. Wengine wanaona ni kuchelewa, wengine ni kuharakisha.

Basi mnataka namba. Nilianza barua hii nikiwa na hakika kwamba nitasema asiguswe. Sasa ninasema, tena kwa aibu: darasa la kwanza, hata la awali, mpelekeni. Ila darasa lisizidi watoto thelathini. Ila KKK waipate kwanza kwa lugha wanayoielewa. Ila mwalimu awe anajua lugha ya mtoto na asiione haya. Na kama kuna mtu dirishani, afungiwe pazia. Masharti yangu yakiwa mengi hivyo, mtaniambia kwamba nimekataa, na pengine kweli nimekataa, kwa sababu shule yenye yote hayo hapa mjini sijaipata.

Nasema nimeitafuta. Mwanangu wa kwanza anaanza mwakani na kuna shule Ilazo imebandika tangazo la Kifaransa getini. Fomu ipo juu ya friji wiki ya pili. Mume wangu, ambaye Kifaransa chake kinaishia kwenye neno divai, na hilo analijua kwa sababu sisi ni watu wa zabibu, anasema uamuzi ni wangu kwa kuwa mimi ndiye mtaalamu. Jana nikamuuliza mtoto mwenyewe kama angependa kusoma kule. Akauliza kama wanatoa uji.